Mwakilishi wa Tumbo la Mwanaidi

Nchi ninayoisimulia haipo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo asijitafute mtu ndani yake. Akijiona, bahati mbaya, mimi nimeshaomba radhi mapema. Inaitwa Shwari. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina mvua za vuli na za masika, na ina Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Homoni na Afya ya Kizazi cha Mwanamke, jengo la ghorofa lenye vioo vya buluu ambamo haingii mwanamke isipokuwa wa kufagia.

Wala hawakuzuiwa kwa chuki. Mwanzoni waliitwa. Wafadhili walikuwa wameleta mashine ya kupima homoni, inayochora mstari kwenye karatasi, na damu ya kwanza kutiwa ilikuwa ya mwalimu mmoja wa chekechea. Mstari ukapanda. Aliporudi baada ya siku chache, mstari ukashuka. Profesa Mpilimba, mkurugenzi, akaita fundi. Fundi akaifungua mashine, akapuliza vumbi, akasema haina kasoro. Damu ikatiwa tena, mstari ukapanda tena, na Profesa akaona kama ametukanwa. Akamwita dereva wake, akamtoa damu palepale mlangoni. Mstari ukanyooka kama barabara ya Ikulu.

Jioni ile Profesa alizungumza redioni. Alisema, "Ndugu wananchi, homoni ni tabia ya kike iliyoyeyuka ndani ya damu. Tumejaribu kwa moyo mmoja kuwatafiti akina mama, lakini akina mama hawatafitiki. Leo yuko hivi, kesho yuko vile. Sayansi ni utulivu, na taifa letu ni la utulivu. Hatuwezi kupanga mipango ya nchi juu ya damu isiyokaa mahali pamoja."

Bunge likampigia makofi, likapitisha Sheria ya Mwakilishi. Sheria hiyo ilisema kwamba mume na mke ni mwili mmoja, kwa hiyo utafiti wowote juu ya mke utafanywa kwenye ule upande wa mwili uliotulia. Msichana angewakilishwa na baba au kaka yake. Kuhusu sisi wajane, tuliambiwa suala letu linashughulikiwa. Likiwa bado linashughulikiwa, mimi kisheria nina kichwa, nina mikono, nina magoti yanayouma wakati wa baridi, lakini kuanzia kitovuni hadi mapajani serikali haina taarifa.

Ikabaki kupanga maswali. Madaktari waliandika mengi, yakapelekwa kwenye Kamati ya Heshima, wazee watupu. Wakasoma swali la kwanza, wakatazamana, mmoja akakohoa. Likafutwa. La pili lilikuwa na neno ambalo mzee mmoja alisema hajalisikia tangu alipotoka jandoni, na wala hataki kulisikia. Likafutwa. Walifuta hivyo hivyo mpaka likabaki swali moja ambalo mwanamume anaweza kumuuliza mwanamume mwenzake bila mtu kuinamisha uso.

Swali lenyewe lilikuwa: "Nyumbani hawajambo?"

Na nyinyi mnajua kwetu. Mtu akikuuliza nyumbani hawajambo, unajibu hawajambo. Hata kama umemwacha mtoto anatetemeka kwa homa, unajibu hawajambo kwanza, unavuta pumzi, ndipo unasema, ila mtoto kaamka vibaya. Ndiyo adabu, tumefundishwa tukiwa wadogo. Basi Taasisi ikawa inaandika jibu la kwanza, kwa sababu fomu ya wafadhili ilikuwa na nafasi ya jibu moja tu. Nchi nzima ikaulizwa. Wanawake wa Shwari wakaonekana ndio wenye afya kupita wote duniani. Wakaja wataalamu kutoka ng'ambo kushangaa, wakalishwa pilau, wakarudi kwao.

Sasa nije kwa mwanangu.

Mwanaidi ni binti yangu. Aliolewa na Shomari, fundi cherehani wa sare za shule, mtu mpole, mwenye haya mpaka anampisha paka mlangoni. Walipendana. Lakini Mwanaidi akaanza kutoka damu ambayo haijui kusimama. Inakwenda siku zake, inapita, inaendelea, inapumzika kidogo kama mtu anayefuta jasho, halafu inarudi na mabonge. Darsani kwetu, mahali ambapo wanawake tunasomeshana dini, alimuuliza mwalimu wetu, Bi Mwanakombo, kuhusu swala yake. Bi Mwanakombo akamjibu mbele yetu sote, bila kupepesa, kwamba damu iliyopitiliza hivyo si hedhi, ni maradhi. Atie udhu kwa kila swala, aswali, na aende hospitali. Mungu mwenyewe hakuona haya kulitaja jambo hili, lakini Mungu si mjumbe wa Kamati ya Heshima.

Mwanaidi akawa mweupe. Viganja vyake vikawa kama karatasi. Akienda uani anashika ukuta. Tukaenda zahanati, mganga akamgusa tumbo, akasema kizazi kina uvimbe.

"Dawa ipo," akasema. "Ni ya homoni, vidonge tu. Vinaizuia damu, anapata nguvu, halafu uvimbe unatolewa. Hili si jambo la kumuua mtu."

"Basi tupe, mwanangu," nikamwambia.

"Vinatolewa Taasisi, mama. Na Taasisi wanamwona mwakilishi."

Tukarudi nyumbani, nikamkalisha Shomari.

"Baba, ukiulizwa huko, usiishie kwenye hawajambo."

"Nitasema, mama."

"Utasema nini? Niambie mimi kwanza."

Akaitazama cherehani. "Nitasema hawajambo, ila..."

"Ila nini?"

"Mama, wewe ni mkwe wangu. Nitalisemaje mbele yako?"

Mwanaidi akacheka kitandani, kicheko kilichokuwa kimepungua damu na chenyewe. "Mwacheni mume wangu. Huyu hata buchani haagizi maini, anaona haya kumtajia mtu viungo vya ndani."

"Naagiza," akasema Shomari.

"Unaonyesha kwa kidole, mpenzi."

*

Wawakilishi walipokewa barazani pa Taasisi, chini ya turubai. Sisi wanawake tulisimama nje ya uzio, maana karani alisema pumzi zetu zinaweza kuchanganya matokeo. Kila mwanamume alifika mezani, akaulizwa, akajibu, akaondoka. Foleni ilikwenda upesi ajabu. Sijaona ofisi ya serikali inayokwenda upesi namna ile.

Zamu ya Shomari ikafika.

"Nyumbani hawajambo?" akauliza karani, bila kuinua uso.

"Hawajambo, ila..."

"Asante. Mwingine."

Shomari akazunguka, akapanga foleni upya. Akafika.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, lakini mke wangu..."

"Asante. Mwingine!"

Mzee mmoja nyuma yake akamsukuma begani. "We bwana, hizo lakini zako kaziseme kwenu. Watu tuna kazi."

Akapanga tena. Nilipoona anaikaribia meza na mdomo umeshaanza kutengeneza hawajambo, nilishindwa. Nikapiga kelele kwenye uzio. "Shomari! Anza na lakini!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kuna aliyesema, "Mama mkwe kaja na mafuta ya kulainisha ulimi." Shomari akafumba macho. Kijasho kilimtiririka mpaka kwenye kola.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hapana," akasema. "Mgonjwa. Anatoka damu, haikomi."

Kicheko kikakatika. Karani akaweka kalamu chini. Nadhani tangu azaliwe hakuwa amewahi kusikia mtu akijibu hapana kwenye salamu.

"Nani mgonjwa?"

"Mke wangu."

"Na mke wako kisheria ni nani?"

Shomari akababaika. "Ni... mwili mmoja na mimi."

"Upande uliotulia ni upi?"

"Wangu."

"Kwa hiyo mgonjwa ni nani?"

Shomari akageuka kunitazama. Nilitikisa kichwa kukataa, na yeye akadhani nimekubali.

"Ni mimi," akasema.

"Si ungesema tangu mwanzo! Unapotezea watu muda." Karani akapuliza filimbi. Wakaja manesi wawili, wanaume wenye misuli, wakamlaza Shomari kwenye machela, na ingawa alikuwa akilalamika kwamba anaweza kutembea, walimwambia atulie asipoteze damu.

*

Wodi ya Wanawake ilikuwa haijapata mgonjwa tangu ifunguliwe. Mashuka ya waridi yalikuwa bado kwenye nailoni. Profesa Mpilimba alikuja mwenyewe kumpokea Shomari, akamshika mkono, machozi yakamlengalenga. Alisema kwa miaka yote aliyosomea afya ya mwanamke, huyu ndiye mwanamke wa kwanza anayeelewana naye. Dawa zikaanza kutolewa palepale, asubuhi na jioni, zile zile alizozihitaji mwanangu.

Nikamchukua Mwanaidi mpaka lango kuu. Nilidhani wakimwona watu wenye macho wataona. Mlinzi alikuwa kijana mstaarabu.

"Shikamoo, mama. Jina la mgonjwa?"

"Mwanaidi, mke wa Shomari."

Akauliza kwa simu, akatabasamu. "Mwanaidi yupo ndani, anaendelea vizuri. Amekunywa uji."

"Mwanaidi ni mimi, kaka," akasema mwanangu.

"Haiwezekani, dada. Mtu hawezi kuwa ndani na nje."

"Kweli kabisa. Ndiyo maana naomba kuingia."

"Ukiingia tutakuwa na Mwanaidi wawili kwenye kitanda kimoja. Nenda nyumbani ukapumzike. Umeshalazwa."

Mwanaidi alicheka mpaka miguu ikamwishia. Mlinzi alikuwa na kigoda, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya alimpa akalie, ila kwanza alitandika gazeti, maana aliona kanga ya mwanangu imeanza kulowa. Gazeti lilikuwa na picha ya Waziri. Alipoona hivyo akashtuka, akaligeuza upande wa matangazo ya vifo.

Shomari naye hakuwa mjinga. Haya ni haya, na akili ni akili. Alikuwa akipewa kidonge anakificha chini ya ulimi, nesi akiondoka anakitema, anakifunga kwenye kipande cha kitambaa, na nikipita nyuma ya jengo, upande usio na uzio, ananidondoshea dirishani. Nilikuwa nikivikausha juani, Mwanaidi anavimeza na maji ya uvuguvugu, kwa bismillahi. Na wallahi vilifanya kazi! Damu ikapungua, ikawa matone. Mwanangu akaamka akafagia uwanja. Akala samaki mzima. Siku moja nikamkuta amekaa kwenye cherehani ya mumewe anamalizia kaptula za watu, anaimba. Nikasema moyoni, subhanallah, hata ukuta wa serikali una ufa.

Lakini Profesa alikuwa na mashine yake. Akatia damu ya Shomari, mstari ukatoka umenyooka. Mgonjwa anameza homoni, mstari haujui habari! Akaamuru apekuliwe, na vidonge vikakutwa kwenye foronya.

Wakamsimamisha mbele ya Kamati ya Heshima.

"Shomari," akasema Profesa, kwa huzuni ya kweli kabisa, "umeshindwa kuwa na huruma hata kwa mkeo? Unamnyima dawa?"

"Ninampa, Profesa. Ndiyo maana sikuvimeza."

"Unampaje wakati humezi?"

"Anameza yeye mwenyewe."

Wazee wakaguna. Mmoja akasema ukatili wa wanaume wa siku hizi umepita kiasi: mke amelazwa mikononi mwa mumewe, na mume anatema dawa yake, anampa mwanamke mwingine wa nje!

"Huyo wa nje ndiye mke wangu," akasema Shomari.

"Una wake wangapi?" akauliza mzee, na kumbukumbu zikaandika kwamba mwakilishi ameonyesha dalili za kuchanganyikiwa, jambo la kawaida kwa wanawake wenye tatizo la homoni.

Tangu hapo nesi alimmulika kinywani kwa tochi kila baada ya kidonge. Dirisha likapigwa misumari, likaachwa upenyo wa sauti tu. Damu ya Mwanaidi ikarudi na riba yake. Na Shomari, maskini, vidonge vikaanza kumfanyia vilivyotumwa kufanya. Kifua kikamjaa na kumuuma. Jasho likawa linamtoka ghafla hata asubuhi ya mvua. Akawa analia kwa jambo dogo, hata akiona shuka limekunjwa vizuri. Magazeti yakaandika ukurasa wa mbele kuhusu mateso ya wanaume wa Shwari. Serikali, ambayo haikuwa na fungu la kununua dawa kwa zahanati, ikanunua mapangaboi kwa wodi nzima. Kwa mara ya kwanza mawaziri walisikika wakisema kwamba homoni ni jambo zito, si la mzaha. Na mstari wa mashine ulipoanza kupanda na kushuka, Profesa alisema hayo ndiyo maendeleo.

Nilikuwa nikimpelekea Mwanaidi habari za mumewe, na kumpelekea mumewe habari za Mwanaidi. Siku ya mwisho kwenda kwenye ule upenyo, mwanangu alinishika kiganja, wala hakuwa na nguvu ya kukibana.

"Mama, mwambie sijambo."

"Nikamdanganye?"

"Analia kwa kukunjwa shuka, mama. Usimzidishie. Mwambie sijambo, namsubiri nyumbani."

Nikaenda nikamwambia. Akasema, "Alhamdulillahi." Akalia tena, lakini safari hii, akasema, ni ya furaha.

*

Taasisi ikatangaza sherehe. Mwanamke wa kwanza amepona. Shomari alikuwa amepimwa, hakuonekana na damu yoyote inayotoka, na uvimbe kwenye kizazi ulitafutwa ukakosekana. Waziri wa Afya na Utulivu angekuja mwenyewe, redio ingerusha moja kwa moja. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, wanawake tuliruhusiwa kupita uzio, maana shughuli kama hiyo inahitaji vigelegele.

Mwanaidi alikufa asubuhi ile. Alikuwa ametia udhu kwa ajili ya alfajiri, akaswali amekaa, akaegemea ukuta akiwa bado anavuta uradi. Nilidhani amesinzia. Tasbihi ilikuwa imemlalia mapajani. Godoro nililitoa nje, nikalimwagia maji, na maji hayakuisha kuwa mekundu. Majirani wakaja. Bi Mwanakombo akaandaa maji ya kumwosha, vijana wakaenda kuchimba kaburi, shekhe akasema tuswalie baada ya adhuhuri. Nikamwambia Bi Mwanakombo, mwoshe vizuri, mimi nakwenda kumchukua mumewe.

Nilifika Waziri akiwa katikati ya hotuba.

"...kwa sababu nchi nyingine, ndugu zangu, zimehangaika na wanawake wao karne nzima! Wamewapima, wamewachoma sindano, wamewauliza maswali ya aibu. Wamepata nini? Mistari iliyopinda! Sisi Shwari tumemponya mwanamke bila kumgusa, bila kumsumbua, bila hata kumtoa nyumbani kwake! Hiyo ndiyo heshima kwa mwanamke!"

Bendi ikapiga. Vigelegele vikalia. Shomari alikuwa jukwaani, amenenepa usoni, amevishwa mabegani kanga mpya ya Taasisi, nyekundu na nyeupe, imeandikwa kwa herufi kubwa: WANAWAKE WOTE HAWAJAMBO. Alikuwa akitabasamu na kutafuta watu kwa macho. Akaniona.

Sikumpungia mkono. Nilikuwa nimejitanda kaniki. Kwetu mwanamke hendi sherehe na kaniki. Nikaona tabasamu linabaki peke yake usoni, mwenyewe amekwisha ondoka.

Waziri akamsogezea kipaza sauti. Hakuwa na nia mbaya, alitaka nchi nzima isikie.

"Haya, mama yetu, shujaa wetu! Tuambie. Nyumbani hawajambo?"

Watu wakangoja lile neno moja ili wapige makofi. Shomari alinitazama mimi, akatazama kaniki, akatazama mikono yangu ambayo nilikuwa nimeikunja tumboni.

"Mheshimiwa," akasema, polepole, kwa sauti ambayo dawa ilikuwa imeilainisha, "nyumbani hakuna mtu."

Waziri akapepesa macho. Akamtazama Profesa, Profesa akatazama viatu vyake. Halafu Waziri, ambaye hakupata cheo kile kwa kulala, akanyanyua mikono yote miwili juu.

"Mmesikia!" akapaza sauti. "Nyumbani hakuna mtu! Maana yake nyumbani hakuna mgonjwa!"

Makofi yakalipuka mpaka turubai likatikisika. Bendi ikashika wimbo wa taifa, watu wakasimama, na kwa sababu walikuwa wamesimama wima, mikono ubavuni, hakuna aliyenizuia kupita kati ya viti na kupanda jukwaani.

"Twende, baba," nikamwambia. "Shekhe anangoja."

Nikamvua ile kanga mabegani. Kitambaa cha msikiti cha kufunikia jeneza kilikuwa kimechakaa, na hii ilikuwa mpya, haijafuliwa hata mara moja. Tulipomfunika mwanangu, niligeuza maandishi ndani.